Maswali na majibu: mbu wa mvua hizi

Mvua zimeanza, na barua ni zilezile. Nimechagua chache. Waliouliza "dawa gani kali kuliko zote" wako kumi na zaidi, kwa hiyo nimewajibu kwa pamoja.

Nitajie dawa kali ya kupuliza. Hizi za kopo hazifanyi kazi tena.

Kabla sijakutajia chochote, umetafuta viluwiluwi? Dawa ya kopo humuua mbu anayeruka saa ile. Waliomo majini haiwagusi, na kukiwa na joto yai huwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Unapuliza Jumatatu, wiki ijayo wametoka wengine, unalaumu kopo. Ni kweli pia kwamba dawa nyingi ni za jamii moja, zile zilizoigwa kutoka kwenye sumu ya pareto, na mbu wa sehemu nyingi wamezizoea. Hilo lisikupeleke kwenye dawa ya shambani. Kila msimu kuna mtu anayeniandikia kwa fahari kwamba amechanganya dawa ya mazao na mafuta ya taa akapuliza chumba cha kulala. Hiyo ni sumu ya watu.

Kwetu hakuna maji yaliyosimama hata tone, lakini tunaumwa mchana kutwa, hasa miguuni. Wanatoka wapi?

Kwenu. Anayeuma mchana vifundoni, mweusi mwenye pete nyeupe miguuni, ni Aedes, na kwa kawaida haendi mbali na alipozaliwa. Mara nyingi ni ndani ya mita 100 au 200. Asipotoka kwako ametoka kwa jirani wa ukutani.

"Hata tone" ni neno ninalolisikia kila mwaka na sijaliamini hata mara moja. Anatosheka na kizibo cha chupa. Tazama sahani iliyo chini ya chungu cha maua. Tazama mikunjo ya turubali, tairi la akiba, gata iliyozibwa na majani, choo cha wageni kisichovutwa maji, ndoo iliyoinamishwa vibaya ikabakiza kidogo ukingoni. Mimi mwenyewe niliwahi kuhangaika wiki tatu nikikagua uani kila asubuhi, kumbe walikuwa jikoni, kwenye trei ya nyuma ya friji inayopokea maji ya barafu. Nilipoivuta, kivuli changu kikaanguka juu ya maji na wote wakazama kwa pamoja, wakijipinda. Hiyo ndiyo njia ya kuwajua: pitisha mkono juu ya maji yaliyotulia, uone kama kuna kinachokimbilia chini.

Namwaga maji ya pipa kila Jumamosi, bado wanarudi. Kwa nini?

Kwa sababu unamwaga tu. Aedes hatagi majini, hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai yake ni vitone vyeusi kama masizi, yamegandia hapo, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi. Ukijaza pipa tena, maji yanayafikia na yanaanguliwa. Chukua brashi ngumu, sugua ukuta wa ndani wote, hasa pale penye mstari wa maji, suuza, kisha jaza na ufunike. Kifuniko kikiwa na ufa, si kifuniko. Tandika wavu wa matundu madogo na uukaze kwa kamba.

Nikipanda mchaichai dirishani, mbu hawataingia?

Wataingia. Harufu inayowasumbua imo kwenye mafuta yaliyokamuliwa, nayo hupotea mapema hata ukijipaka.

Kuna programu ya simu inayotoa sauti ya kufukuza mbu. Niinunue?

Hapana. Mwaka 2007 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 10 ya vifaa vya sauti za aina hiyo, na yote 10 hayakukuta tofauti yoyote. Nunua wavu wa dirisha.

Karo letu la maji taka linatoa mbu jioni kama moshi. Jirani anasema nimwage oili chafu.

Jirani amekosea nusu. Ni kweli utando wa mafuta huwanyima hewa viluwiluwi, maana hupumua kwa kirija wanachokitokeza juu ya maji. Lakini oili ya gari itazama hadi kwenye maji ya ardhini, na kama una kisima utainywa. Hao wako ni Culex, wanapenda uchafu, na ndio wanaoeneza matende sehemu nyingi. Ziba kila ufa wa mfuniko kwa saruji, na mdomo wa bomba la hewa ufunge wavu wa waya. Kwa shimo la choo lenye maji kuna punje za plastiki nyepesi, zile za kufungashia vyombo, zinazoelea na kufunika maji yote. Ziliwahi kutumika Makunduchi, Unguja, kwenye vita dhidi ya matende, na mbu walipungua sana. Usizitie kwenye mfereji wa wazi. Mvua moja tu zitakuwa zimesambaa kila mahali.

Nikifyeka majani yote uani, mbu wataisha?

Utawanyima kivuli cha kupumzikia mchana. Lakini hawazaliwi majanini. Fyeka ukimaliza kusugua mapipa.

Kwa nini wananiuma mimi, mume wangu wanamwacha?

Pumzi, joto na harufu ya ngozi. Damu yako si tamu.

Nawasha dawa ya kuchoma usiku chumbani kwa mtoto wa mwezi mmoja, madirisha nimefunga. Ni salama?

Zima. Moshi ule katika chumba kilichofungwa ni mwingi mno kwa mapafu yale. Mtoto wa umri huo hapakwi pia dawa ya DEET, ile ya kujipaka ya kufukuza mbu. Haitumiki chini ya miezi 2. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa, kilichochomekwa chini ya godoro pande zote. Na tafadhalini, chandarua hakifuliwi kwa sabuni kali wala jiki, na hakianikwi juani: sabuni ya kawaida, maji baridi, kivulini.

Nimeumwa na mbu mchana, sasa nina homa. Kwa kuwa wa malaria huuma usiku, nimeze tu dawa ya maumivu?

Nenda ukapime leo. Hujui usiku ule mwingine uliumwa na nani. Na wa mchana ana homa yake ya denge, kwa hiyo ukiwa unasubiri majibu meza paracetamol kwa kipimo chake, usiguse aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Homa ikishuka kisha tumbo likaanza kuuma sana, ukatapika mfululizo au fizi zikavuja damu, rudi hospitali usiku huohuo.