Kabla ya kuipa chatiboti nyaraka za sera

Ndugu, nimekuelewa: mmepakia sera zote za ofisi kama zilivyo kwenye chatiboti, yaani programu inayojibu maswali ya watu kwa maandishi, na sasa mfanyakazi akiuliza siku zake za likizo, chatiboti inamjibu kwa waraka uliokwisha kufutwa. Hapo tatizo linaanzia kwenye nyaraka zenyewe.

Kwanza ondoa matoleo ya zamani. Kila waraka unaobaki uwe na tarehe ya kuanza kutumika na idara inayousimamia.

Linaloharibu zaidi ni hili: mifumo mingi ya aina hii haisomi waraka mzima. Huukata vipande, halafu huchukua vile vinavyokaribiana na swali. Kifungu kinachosema “isipokuwa kwa waliotajwa hapo juu” kikibaki peke yake hakieleweki. Andika wazi: “Wafanyakazi wa mkataba wa muda hawapati posho ya usafiri.” Kanuni na vighairi vyake vikae aya moja. Majedwali yenye mchangamano yageuze yawe sentensi. Kurasa zilizoskaniwa zikigeuzwa maandishi, mtu azihakiki kwa macho, hasa tarakimu.

Lakini tafadhali, usibadili sera ukidhani unarahisisha lugha. “Anaweza” na “lazima” hayalingani kabisa. Nakala hiyo mpya ipitiwe na mwanasheria wenu. Taarifa binafsi za watu zitoe zote.

Kisha ijaribu chatiboti kwa maswali halisi ya wafanyakazi, yakiwemo yasiyo na jibu ndani ya nyaraka. Kwa hayo inapaswa kukiri haina jibu na kumwelekeza muulizaji kwa ofisa anayehusika.