Waliniambia ni UTI, kumbe ni uti wa mgongo

Juzi usiku nimepata ujumbe wa msomaji mmoja, binti anayeuza viatu vya mtumba. "Dada, mgongo unaniuma huu mwezi wa tatu. Nimeshachoma sindano tano. Nifanye zoezi gani?" Nimeusoma mara mbili, chai ikapoa mkononi. Miaka mitatu iliyopita ujumbe huo ningeuandika mimi.

Wapambanaji wenzangu mnanijua. Nilianza Kariakoo na belo moja la magauni, nikaliburuza mwenyewe, maana hela aliyotaka kuli ndiyo nauli yangu ya kurudi Mbagala. Kwa hiyo mgongo ulipoanza, pale kati, usawa wa mkanda wa sidiria, sikushtuka. Nani kati yetu haumwi mgongo? Nikameza diklofenaki, nikaendelea kufungua fremu alfajiri.

Zahanati ya mtaani wakapima mkojo: UTI. Sindano siku tano. Wiki moja nafuu, kisha yale yale. Wakapima tena: UTI sugu, na taifodi juu yake. Sindano nyingine. Jirani akanikanda kwa mafuta ya moto mpaka nikalia. Miezi mitano ikaenda hivyo. Usiku nilikuwa nalowa jasho, nikalaumu joto la Dar. Kilo tisa zikaondoka, watu wakanisifu nimependeza. (Na nilifurahi, sitawaficha.)

Siku moja napanda ngazi kufuata mzigo, kijana nyuma yangu akaniita: "Mama, umeacha ndala." Nilikuwa nimetembea hatua nne na mguu mmoja mtupu, sijahisi kitu.

Hapo ndipo nilipokwenda hospitali kubwa. Daktari alinigonga pingili moja moja kwa kidole, akafika moja nikaruka. Eksirei haikuonyesha la maana. Akaniambia mfupa lazima uliwe sana ndipo eksirei ione. Picha ya MRI, inayoona ndani kuliko eksirei, ndiyo iliyosema: pingili mbili zimeliwa pamoja na sahani iliyo kati yao, na usaha unausukuma uti wa mgongo. Kumbe UTI kweli ilikuwapo, ila wa mgongo!

Nilitaka dawa siku hiyo hiyo. Akakataa. Kwanza kinyama kwa sindano, kikapimwe. Bakteria wa kawaida wa usaha wanaweza kula pingili, brusela ya maziwa mabichi inaweza, TB inaweza, na kwa mgonjwa maumivu ni yale yale. Dawa ndizo tofauti: bakteria wa usaha kwa kawaida ni antibayotiki kama wiki sita, mwanzoni za kwenye mshipa, TB ni miezi na miezi. Tena zile sindano nilizochoma ovyo zinaweza kuwaficha wadudu kwenye kipimo. Akaniuliza nilichomwa dawa gani. Sikujua hata jina moja. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Majibu ya GeneXpert, kipimo cha mashine kinachosaka mdudu wa TB kwenye kile kinyama: TB. Nikabisha, mbona sijawahi kukohoa? Akanielewesha kwamba vimelea huingia kwa mapafu, kisha damu huvipeleka hadi kwenye mfupa, na vinaweza kukaa kimya miaka. Daktari wa London, Percivall Pott, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, zaidi ya miaka mia kabla Robert Koch hajamtangaza mdudu mwenyewe mwaka 1882. Mtaani kwangu bado tunapima mkojo.

Mwaka wa vidonge siusimulii. Dawa nne miezi miwili, mbili miezi kumi, mkojo rangi ya chungwa, mkanda wa kushikilia mgongo. Dawa za TB nchini ni bure. MRI ndiyo iliyonipeleka kukopa kikoba. Miguu ilirudi bila kisu. Wengine huhitaji upasuaji, hasa miguu ikizidi kulegea au mgongo ukianza kupinda.

Kilichoniuma kuliko sindano ni mwenzangu wa fremu. Aliwatangazia wateja nina TB, wasinisogelee, wakati TB ya mgongo isiyo na ya mapafu kwa kawaida haiambukizi mtu. Kodi ilipoisha akaandikisha fremu kwa jina lake. Leo nina fremu mbili, moja inatazamana na yake. Namsalimia kila asubuhi, kwa sauti.

Sasa nyie mnaotafuta maisha kama mimi, sikilizeni. Mgongo unaouma wiki kwa wiki, unaouma hata ukilala, ukiwa na jasho la usiku au kukonda, haudai sindano, unadai kipimo. Uliza: dawa hii ni ya mdudu gani, mmemwona wapi? Andika majina ya dawa. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukikataa kutii, ni hospitali siku hiyo hiyo, ukiwa na wateja ukiwa huna. Dar tuna MOI pale Muhimbili, mifupa na mishipa ya fahamu ndiyo kazi yao. Na msichome sindano bila kipimo. Nimeshasema? Nasema tena.

Yule binti nilimpigia simu badala ya kumwandikia. Nikamuuliza kuhusu miguu. Akanyamaza kidogo, akasema wa kushoto una ganzi, lakini atakwenda Jumatatu, kuna mzigo unaingia wikiendi.

Nimemwambia anisubiri pale pale alipo, nakuja na bajaji.