“Zisizo na msimbo” au “zisizosimba”?

Swali: Natayarisha kipindi cha afya cha redio hapa Kisumu kuhusu saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya za watoto. Daktari niliyemhoji alitaja RNA (molekuli zinazonakiliwa kutoka DNA ndani ya seli) ambazo hazitengenezi protini. Niziite zisizo na kazi, zisizo na msimbo au zisizosimba?

Jibu: Ndugu mtangazaji, la kwanza liondoe kabisa. Takribani asilimia 98 ya DNA yetu haitoi protini, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilidhaniwa kuwa takataka. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza mnyoo mdogo, walionyesha kwamba kipande kifupi cha RNA hudhibiti jeni. Walitunukiwa Nobel mwaka 2024. “Zisizo na kazi” ni kurudi nyuma ya hapo.

Yamebaki mawili. “Zisizo na” hukana kuwa na kitu. “Zisizosimba” hukana kutenda. Shamba lisilo na mazao ni tupu, lakini shamba lisilolimwa mahindi huenda limejaa miwa, kama mengi ya kule Muhoroni. RNA hizi zina mpangilio wao wa herufi, na mpangilio huohuo ndio unaoziwezesha kuzishika RNA nyingine. Kwa hiyo mimi nachagua kitenzi, tena pamoja na yambwa yake: RNA zisizosimba protini. Yambwa hiyo usiiache. Kusimba tunakujua kutokana na usimbaji fiche wa ujumbe wa simu, ila redioni mtu akisikia “simba” peke yake, mawazo yatakwenda kwa mnyama.

Kuna kosa jingine ambalo hukuliuliza: kusema RNA hizi “zinaua” jeni. Jeni hubaki palepale. Kinachozuiliwa ni ujumbe wake kugeuzwa protini. Sema “kunyamazisha”, maana aliyenyamazishwa yu hai bado. Hata hivyo si zote zinazonyamazisha, kwa hiyo ukizitaja kwa jumla, tumia “kudhibiti”.

Upatanisho ni wa ngeli ya I-ZI: RNA hii, RNA hizi. “MaRNA” hapana.

Kipindini ningesema hivi: “Kirusi cha Epstein-Barr, kinachohusishwa na saratani ya Burkitt, kina RNA fupi zisizosimba protini. Hizo hunyamazisha baadhi ya jeni ambazo zingeifanya seli iliyoambukizwa ife.”