Hatua 15,000 siku ya kwanza? Mimi zilinikosesha nguo 22 za sikukuu

Mdogo wangu wa Fuoni, usianze Jumatatu.

Nimesoma ulichoandika mara mbili, na mara zote mbili kisigino kimenichoma. Unasema una kilo 88, kazi yako ya kukaa dukani, na kuanzia Jumatatu utakwenda Darajani kwa miguu na kurudi kwa miguu, uzipate si chini ya hatua 15,000 kila siku mpaka harusi ya dada yako. Unauliza utembee asubuhi au jioni, ule nini, uhesabu hatua kwa programu gani ya simu, na kama ndara zako za kila siku zitafaa. Na waliokujibu hapo juu wote wanakupigia makofi. "Hongera dada, kaza." Akaze nini? Nyinyi ndio mtakaomkanda miguu?

Mimi hizo 15,000 nilizifanya. Siku kumi na moja nilizifanya, nikazilipa kwa miezi saba.

Miye fundi cherehani, nakaa Michenzani hapa mjini Unguja, tena ghorofani juu. Wakati huo nilikuwa na miaka 43 na kilo 91, na mteja wangu mmoja, kwa mapenzi yake, akanitia kwenye kundi la WhatsApp la mtu anayejiita mwalimu wa mazoezi. Elfu 30 kwa mwezi, unapewa ratiba na pakiti ya chai. Ratiba yenyewe mstari mmoja: hatua 15,000 kila siku, hakuna kupumzika, usiku tuma picha ya simu tuone. Basi. Hakuniuliza kazi yangu, hakuniuliza uzito, hakuniuliza kwa siku huwa natembea kiasi gani. Angeuliza ningemjibu, maana simu ilikuwa inajua: 2,300. Kitandani mpaka jikoni, jikoni mpaka cherehanini, na kushuka ngazi kununua boflo. Mtu wa 2,300 unamwambia kesho 15,000! Hata punda wa kubeba mchanga humtwishi mara sita ya mzigo wa jana.

Na ile chai, kwa faida ya wanaoulizia hapa kila siku, nilipoichana pakiti nikainusa nikaijua. Sanamaki. Ile ile bibi yangu aliyokuwa akitunywesha utotoni tukifunga choo. Wiki ya kwanza nikapungua kilo mbili, nikatuma picha ya mizani kwenye kundi, watu wakanishangilia. Kilo mbili zenyewe zilikuwa za chooni, lakini nani angeliandika hilo mbele ya watu sitini?

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye khasara yangu.

Nilikuwa natoka baada ya sala ya alfajiri, Michenzani mpaka Mtoni na kurudi, na baibui langu na viatu vya bapa vya elfu nane. Soli yake ukiikunja inakunjika kama chapati. Siku ya nne nimeamka, nimeshusha mguu wa kulia sakafuni, nikahisi kama nimekanyaga kipande cha chupa. Nikainua mguu nikatazama. Hamna kitu. Nikachechemea mpaka bafuni, nikatia udhu, nilipomaliza kusali maumivu yamepungua, na nilipofika Kinazini yameondoka kabisa. Hapo ndipo mtu anapodanganyika. Unasema ah, kumbe usingizi tu, mguu ulilala vibaya. Kesho yake asubuhi chupa ile ile, kubwa zaidi.

Nikamwandikia mwalimu. Akanijibu kwa sauti, kundi zima linasikia: "Hayo ni mafuta yanayeyuka, dada, usimpe shetani nafasi." Mafuta ya kisigino! Tumbo langu liko hapa, linayeyukia vipi chini kama mshumaa? Leo nacheka. Siku ile nilimwamini, nikaona haya kwa kulalamika, nikaongeza mwendo. Na elfu 30 yangu kala, na siku nilipomwambia siwezi tena kusimama akanitoa kundini kwa maneno kwamba navunja moyo wenzangu. Mtu yule sijamsamehe, na Ramadhani mbili zimeshapita.

Siku ya kumi na moja, narudi, nimefika Maruhubi, mguu ukakataa. Si kuuma, kukataa. Nikapanda daladala nikiwa nimevua kiatu kimoja. Ngazi za nyumbani nilizipanda kwa makalio, daraja moja baada ya moja, na mtoto wa jirani wa miaka sita ananihesabia kwa sauti. Alifika ishirini na tisa akarudi tena ishirini. Msinicheke, au chekeni tu, mimi mwenyewe nilishacheka mpaka nikalia.

Sasa kalenda. Ilikuwa mwisho wa Shaabani. Mafundi wenzangu mnajua maana yake: vitambaa vya nguo za sikukuu vimeshajaa, kila kimoja kimefungwa na karatasi ya jina na vipimo. Cherehani yangu ni ya miguu. Ile pedeli unaikanyaga kwa vidole, unairudisha kwa kisigino, mbele nyuma, mbele nyuma, siku nzima. Kila inaporudi, chupa. Nikajaribu mguu wa kushoto peke yake, mshono ukaenda kama nyoka, nikaharibu mkono wa gauni la hariri la watu. Mwisho nikavirudisha vitambaa 22. Elfu 15 ya ushoni kwa kila kimoja, piga hesabu mwenyewe: 330,000, katika mwezi unaonilishia miezi mitatu. Na mteja mmoja, wa siku nyingi, akanambia mlangoni, "Mpaka Mtoni unafika kwa miguu, kipedeli kimekushinda?" Mwaka uliofuata hakurudi.

Spitali nilikwenda baada ya kumaliza kila aina ya mafuta ya kuchua. Kijana wa pale spitali anayetibu kwa mazoezi ya viungo akanibonyeza kwa kidole kimoja tu, chini ya kisigino upande wa ndani, nikaruka. Akanieleza kwamba chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni mpaka kwenye vidole, ndio unaoshika upinde wa mguu. Mtu mzito akiuzidishia kazi ghafla, na kiatu bapa, unachanika kidogo kidogo. Usiku ukilala unajikaza, asubuhi ukikanyaga unavutwa tena. Ndiyo maana hatua ya kwanza ndiyo inayouma kuliko zote. Akanambia wengi hupona bila kupasuliwa, lakini kwa miezi, si kwa siku. Na sisi tunazidi kujiumiza: nyumba zetu ndara huachwa mlangoni, unashinda peku juu ya vigae na saruji. Alinipiga marufuku kutembea peku ndani. Mume wangu alininunulia viatu vyenye soli nene vya kuvaa nyumbani, wageni wakawa wanadhani nataka kutoka.

Dawa yake haikuwa ya pesa. Kabla sijashuka kitandani napitisha kanga kwenye vidole, naivuta kama hatamu, nahesabu thelathini, mara tatu. Mchana nasukuma ukuta, mguu wa nyuma umenyooka, mpaka msuli wa nyuma ya mguu uvutike. Jioni chupa ya maji iliyoganda naiviringisha chini ya unyayo. Miezi saba. Na kwa kuwa nilikuwa nakaa tu na huzuni yangu na katlesi, zile kilo 91 zikawa 95. Nilianza ili nipungue!

Basi kanuni yangu ni hii, na ndiyo iliyonishusha mpaka 84 taratibu, mwaka na zaidi. Wiki ya kwanza usiongeze kitu. Weka simu mfukoni, ishi kama unavyoishi, ujue idadi yako halisi. Halafu ongeza hatua elfu moja tu, ambazo ni kama dakika kumi, ukae nazo wiki mbili ndipo uongeze elfu nyingine. Na anayetoa ruhusa ya kuongeza ni hatua ya kwanza ya asubuhi. Ukikanyaga sakafu kisigino kikasema neno, siku hiyo huongezi, unapunguza. Mtu yeyote akikwambia vingine, kundini au kwenye simu, mwulize yeye ana kilo ngapi.

Wala hiyo 10,000 inayoimbwa kila mahali isikutishe. Mwanangu aliitafuta akanionesha: ilitoka Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, kampuni ikauza kifaa cha kuhesabia hatua jina lake "mita ya hatua elfu kumi". Jina la bidhaa! Mwalimu wangu naye akajumlishia elfu tano za mfukoni mwake.

Umeuliza na habari ya chakula, hilo lina maneno yake, lakini tumalize viatu kwanza. Kishike kiatu kwa mikono miwili ukikunje. Kikikunjika katikati, hicho cha kwendea harusini. Kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjika, na kisiginoni pawe pagumu. Mtumba wa Darajani utapata kizuri, ila tazama soli isiwe imelika upande mmoja, maana mguu wa mwenyewe wa kwanza utakufuata.

Ukishamaliza wiki yako ya kuhesabu, toka kwako, tembea ukivuke kituo chako cha daladala, ungojee kwenye cha pili yake, upande. Ndiyo hiyo, imetosha. Na hizo ndara ziache ziwe za kwendea chooni.