Je, namba ikipanda rangi hukoza?

SWALI: Nafundisha kompyuta kwa vijana hapa Moshi. Katika somo la rangi niliandika ubaoni: "Namba ikipanda, rangi hukoza." Mwenzangu amenipinga. Nani yuko sahihi? Na je, tuandike "nyekundu 255" au "wekundu 255"?

JIBU: Mwalimu, niko upande wa mwenzako.

Kukoza ni neno la rangi ya kupaka au ya kuchovya. Fundi akizidisha rangi kwenye ndoo, ukuta unakoza. Kompyuta haipaki kitu, inawasha mwanga. Kila nukta ya skrini ina vitaa vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu, na namba kuanzia 0 hadi 255 inaeleza kila kimoja kiwake kiasi gani. Vyote vikiwa 0 ni giza, yaani nyeusi. Vyote vikifika 255 unapata nyeupe. Sasa nani amewahi kuona rangi ikakoza mpaka ikawa nyeupe?

Chukua buluu (wengine husema bluu, ugomvi huo siuingii leo). Namba zikiandikwa kwa mpangilio wa nyekundu, kijani, buluu, 0, 0, 255 ni buluu inayong'aa. Ishushe hadi 0, 0, 128 na utapata buluu iliyokoza, ile ya masweta ya shule. Namba imeshuka, rangi imekoza! Kahawia nayo, ambayo watu wa Moshi hamhitaji kuelezwa ilikotoa jina, yaweza kuandikwa 139, 69, 19. Zipandishe zote tatu kwa uwiano uleule mpaka ya kwanza ifike 255, na kahawia itatoweka, mbele yako ibaki rangi ya chungwa.

Kuna na kupauka. Nyekundu tupu ni 255, 0, 0. Pandisha hizo sifuri mbili hadi 128 na nyekundu itapauka, ingawa hukupunguza chochote. Kwa hiyo ubaoni andika: "Namba ikipanda, mwanga huongezeka." Kukoza, kung'aa na kupauka viache vieleze kinachoonekana, kila kimoja mahali pake.

Wekundu ni neno safi, sawa na weupe na weusi, ila kijani na buluu hazina mwenzake aliyezoeleka. Utaishia kwenye "ukijani" na "ubuluu", na sikio langu linayakataa. Andika nyekundu, kijani, buluu. Hiyo nyekundu inafuata ngeli ya rangi, si ya kitu kinachochorwa: hata mwanafunzi akichora gari jekundu au maua mekundu, kwenye programu ni "nyekundu 255".