Noeli ya kwanza ya mnovisi: usimpigie simu saa ya pilau

Mama mmoja wa hapa Nairobi ameuliza afanye nini, kwa kuwa mwanawe ameingia unovisi (kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri za utawa) Lusaka, Zambia, na Krismasi hii itakuwa ya kwanza kutokuwepo nyumbani tangu azaliwe. Anataka kujua kama amwombee ruhusa aje, amfuate huko, au ampigie tu simu. Shikamoo, Mama. Nitajibu kama mtu niliyekuwa upande wa pili wa simu hiyo: mimi ni mzaliwa wa Kibosho, Moshi, na Noeli zote za malezi yangu ya kitawa, kuanzia ile ya unovisi, nilizipitisha hapa Nairobi katika nyumba ya shirika letu, Lang'ata.

Kuhusu ruhusa, usihangaike. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 648 na ya 649, inataka unovisi utimize miezi 12 katika nyumba yenyewe ya unovisi. Asiyekuwepo kwa zaidi ya siku 15 hana budi kuzifidia, na akizidisha miezi 3 unovisi wote unabatilika. Siku chache zingewezekana kisheria, lakini walezi wetu hawakuzitoa, na mimi niliyewanunia kwa hilo mwaka mzima leo naona walikuwa na sababu, kwani anayekwenda nyumbani Desemba hurejea Januari mwili tu, moyo ameuacha migombani. Kumfuata nako sikushauri. Utaondoka, naye atabaki na siku mbili za kuanza upya.

Siku yenyewe si ngumu pale watu wanapodhani. Mkesha una shughuli tele: kuna pango la kujenga, kuna kwaya, kuna Misa ya usiku, na baada ya Misa kuna ndugu kumi kutoka nchi sita wanaogombea jiko moja. Ugumu huanza tarehe 25 baada ya chakula cha mchana. Nairobi yenyewe huwa imehama. Wenye nauli wamekwenda ushago, matatu za barabara ya Lang'ata zinapita moja moja na viti vitupu, na katika nyumba ya shirika kila ndugu amejifungia chumbani akijifanya amelala.

Saa hiyo ndiyo waliyopiga watu wa kwetu, Noeli yangu ya kwanza. Simu ya nyumba ilikuwa moja, ya mezani, kwenye ujia wa kwendea kikanisa. Kwetu Uchagani Desemba ni mwezi wa kurudi: walioko Dar es Salaam na hata ng'ambo hupanda mlimani, mnyama huchinjwa, na nyama hugawiwa kwa mafungu, kila mtu na sehemu yake kwa nafasi yake katika ukoo. Mama alinitajia waliofika mmoja baada ya mwingine, kwa upendo mtupu, huku nyuma yake nikisikia panga likikata mifupa na watoto wakifukuzana. Kisha baba mdogo akachukua simu akauliza, bila nia mbaya hata chembe, "Fungu lako tumpe nani?" Sikuwa na jibu. Nilisema mtandao unasumbua (kwenye simu ya mezani!), nikakata, nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji mpaka kengele ya Masifu ya Jioni.

Kwa hiyo, Mama, piga tarehe 24 asubuhi au tarehe 26, na mwulize kwanza mlezi wake saa inayofaa, ukikumbuka kwamba Lusaka iko nyuma yetu kwa saa 1. Usimsomee orodha ya waliofika. Mwulize habari za huko: wamepika nini, anawaamkiaje wazee wa huko, ni ndugu yupi aliyeunguza wali.

Nasema hivyo kwa sababu mwaka uliofuata mlezi hakutuacha vyumbani. Alitutuma Kibera mchana wa tarehe 25, kwa wanajumuiya ambao nauli ilipanda wakashindwa kusafiri. Mimi nilipangiwa nyanya mmoja (hapa ndivyo wanavyomwita mama wa mzazi; kwetu nyanya ni ya mchuzini, na bibi, ambaye kwetu ndiye mama wa mzazi, hapa ni mke wa mtu, nilikwisha aibika mara kadhaa kabla ya kuzoea). Nilipompa shikamoo alicheka, akawaita majirani waje kumsikiliza Mtanzania, ikabidi niamkie ploti nzima. Kisha akanikabidhi chupa tupu ya soda na donge la unga. Chapati zangu zilitoka na pembe kama ramani ya Kongo, lakini alizila, na nyingine akaifunga kwenye gazeti nikampelekee mlezi.

Jioni nyumbani walipopiga, nilianza mimi kusimulia, nao wakacheka kuhusu chapati mpaka baba mdogo akaja kwenye simu na swali lake lilelile. Nilimwambia fungu langu ampe yule kijana wa Singida anayekata majani ya ng'ombe wa jirani, maana naye hakuwa amekwenda kwao. Akasema walikwisha mpa tangu asubuhi.