Usikopee karatasi ya 2050, mie nilikopea ya 2019

Wacha! Usitie sahihi hiyo fomu. Yaani wewe wa Bamburi unataka kukopa milioni mbili ujaze sola juu ya nyumba za kupangisha, kisa "nchi ina mpango wa kumaliza hewa ya ukaa ifikapo 2050 na umeme utakaozidi utanunuliwa wote"? Hayo ya umeme kununuliwa wote niliyasikia 2020, barazani kwangu, kwa bwana mmoja aliyepiga shati pasi ikakatika, akala mahamri yangu manne na mbaazi juu.

Mie nauza barafu Likoni. Wateja ni wavuvi na kina mama wa samaki. Bili ya umeme wakati huo ilikuwa 22,000 kwa mwezi. Bwana mahamri akafungua kompyuta, akanionyesha jedwali: paneli 36, mkopo wa milioni 1.8, rejesho 41,000 kwa mwezi. Bili itashuka kwa 15,000, na umeme wa ziada nitauza 26,000. Jumla 41,000! Mizani ya sonara haikai sawa vile. Nikamuuliza, sheria iko? Akaniambia Sheria ya Nishati ya 2019 imeshapita, kifungu cha mwenye sola kupeleka umeme wa ziada kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi, kimo. Kweli kilikuwamo. Alichomeza pamoja na mahamri ni kwamba kifungu bila kanuni zake ni mlango bila kitasa.

Nikafunga paneli zote 36. Nikaulizia mita ya kusoma pande mbili, jibu: kanuni bado. Mwaka ukapita, kanuni bado. Benki nayo haijui "bado".

Nikueleze ilivyokuwa ikiuma. Saa tano asubuhi, jua la kaskazi limewaka, nasimama mbele ya inveta, ule mtambo wa kugeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani. Betri 100. Friza zote zimeshiba. Hapo namba ya paneli inaanza kushuka yenyewe, kilowati tisa, sita, tatu, kwa sababu umeme hauna pa kwenda na mtambo unajibana. Jua bado kali vile vile, mwanangu! Nalipia paneli 36 zinazofanya kazi ya 15. Mke wangu akalibatiza paa letu Hifadhi ya Taifa, maana ni la kutazamwa tu. Nilicheka. Ilibidi nicheke, kwani rejesho la mwezi ule nilikuwa nimelitoa kwenye karo.

26,000 kila mwezi, mara miezi 60. Piga mwenyewe, mie mkono unatetemeka.

Kanuni zilikuja 2024. Nikafurahi nusu saa, kisha nikazisoma. Ukipeleka uniti mbili kwenye gridi unahesabiwa moja, tena hupewi shilingi, inapunguzwa kwenye bili yako. Bili yangu yenyewe imebaki 7,000! Hata wakinipunguzia yote, benki naipelekea nini, barafu?

Na usiniambie "lakini mkakati wa nchi kufikia hewa ya ukaa sufuri 2050 umeandikwa". Umeandikwa, na wala siupingi. Lakini umeme wa Kenya tayari karibu tisa kwa kumi ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Shida kubwa si adhuhuri. Ni saa moja na mbili usiku, watu wamerudi, taa na televisheni zimewashwa, paneli zako zimelala, na mitambo ya mafuta kama ile ya Kipevu hapa Mombasa ndiyo inasaidia. Umeme wako wa saa sita mchana yakhe ni embe msimu wa maembe.

Tena tazama wakubwa. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana ilimaliza kusimikwa 2017, ikakaa ikipunga hewa hadi 2018 kwa sababu waya wa kuupeleka umeme Suswa, kwenye gridi, ulikuwa haujaisha. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na mkataba wa kulipwa hata umeme usipochukuliwa, na mabilioni yakatoka. Wewe una mkataba gani? Wa mahamri?

Kwa hiyo sola weka, ila kopa kwa kadiri ya umeme unaouchoma mwenyewe mchana, uniti zilizo kwenye mita yako leo. Cha kuuza kihesabu sufuri. Ukija kukipata, hiyo ni sadaka. Tena nyumba za kupangisha, wapangaji wako mchana wako kazini, friji na feni moja! Nani ataula huo umeme?

Uliuliza pia betri gani na tuktuk ya umeme… betri watakujibu wengine, tuktuk sina habari nayo. Mie nataka bili zako za miezi 12 uzibandike hapa kabla hujaenda benki Jumatatu. Halafu tuambie, huyo anayekuuzia anapenda mahamri?